Uso Unaowachosha Wafiwa

Jumatatu, 1 Oktoba

Don Aníbal amestaafu. Miaka thelathini na moja ametembea mbele ya gari la maiti, kofia mkononi, na leo ameondoka na nusu keki na saa ya ukutani. Nafasi yake iko wazi. Ninaitaka. Si kwa ajili ya heshima peke yake. Anayetembea mbele habebi jeneza, na mgongo wangu umeshanieleza wazi kwamba umebakiza majeneza machache sana.

Doña Ligia, mwenye kampuni yetu ya mazishi, alituita asubuhi kwenye chumba cha maonyesho. Tukasimama katikati ya majeneza kama wanunuzi. Amerudi kutoka kozi ya siku tatu Bogotá, na amerudi na karatasi. Karatasi ina kanuni kumi na nne za mwonekano na mwenendo wa mtumishi wa faraja: kucha, soksi, vinyweleo vya puani, harufu ya kinywa, na nyingine ambazo sikuzisoma kwa sababu miwani niliisahau nyumbani. Mrithi wa don Aníbal atatajwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kitakachoangaliwa ni sura.

Halafu akaniangalia mimi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio unaouma.

“Don Evelio, uso wako umechoka. Unawachosha wafiwa.”

Miaka kumi na tisa nipo hapa. Uso ni huuhuu nilioajiriwa nao.

Mshindani ni mmoja tu, Wilmar Giraldo. Ana miaka thelathini na sita. Ndevu zimekatwa zikanyooka kama majani ya mbele ya benki. Ananukia ndimu. Anawasalimia hata madereva wa teksi kwa majina. Simpendi.

Nikipita uwanjani kurudi nyumbani nilitazama sanamu ya Bolívar wetu juu ya farasi wake. Hana hata kaptula, na hakuna aliyewahi kumpa karatasi.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimepata njia. Redioni walisema waigizaji hupaka dawa ya bawasiri chini ya macho. Hukaza ngozi, mifuko ya macho ikapotea. Mifuko yangu ni mikubwa. Dada yangu Edilma, ninayeishi naye, husema ningeweza kuhifadhia sarafu.

Nilikwenda duka la dawa la mbali, ng'ambo ya daraja, Dosquebradas, ambako hakuna anayenijua. Muuzaji alikuwa binti mwenye roho nzuri na sauti ya mnadi. Akaniuliza kama kuna damu. Nikamwambia ni kwa ajili ya macho. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyeanza kupotewa na akili, kwamba hapana, mzee wangu, dawa hii ni ya huku. Akaonyesha huku ni wapi.

Mama mmoja nyuma yangu alinishika bega. Akanishauri nikae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku na nisione aibu, hata marehemu mume wake alikuwa nayo.

Nimepaka. Inawasha.

Jumatano, 3 Oktoba

Ngozi imekaza kweli. Imekaza mno. Jicho la kushoto halifungi lote. Mfiwa wa asubuhi aliniuliza nimeona nini.

Yule mama wa jana ni mama mkwe wa Wilmar. Katika mji wenye watu wote hawa! Nilipofika kazini nilikuta mto wa kukalia juu ya kiti changu, laini, wenye tundu katikati. Wilmar akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajamwambia mtu, nisiwe na wasiwasi, na kwamba nikihitaji kusimama wakati wa chakula yeye ataelewa. Kufikia saa tano kila mtu alikuwa ananifungulia mlango.

Huu ni ujanja. Anataka nionekane mgonjwa. Nimekalia mto siku nzima ili asigundue kwamba nimegundua.

Ni mto mzuri, lakini.

Ijumaa, 5 Oktoba

Ukaguzi wa majaribio. Wilmar amepata kumi na nne kati ya kumi na nne. Mimi tisa. Doña Ligia alisema soksi zangu zinastahili pongezi.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Nafahamu kwamba Wilmar hapatani na maua ya yungiyungi. Kabla ya misa ya mwalimu mmoja wa zamani niliyahamisha mashada yote, nikayapanga upande aliopaswa kusimama yeye. Mpango ulikuwa apige chafya mbele ya padri. Hakupiga chafya hata moja. Macho yakajaa maji, machozi yakamtiririka hadi kwenye zile ndevu, na ndevu zikameta. Binti wa marehemu alimkumbatia. Mwanafunzi wa zamani wa marehemu alimkumbatia. Padri alimkumbatia. Mchana ikaja barua ya shukrani kwa doña Ligia, ikisema hawajawahi kuona kampuni yenye moyo namna hiyo.

Yungiyungi ni mazito kuliko nilivyodhani. Mgongo unaniuma sana. Naenda kulala, na ni saa mbili na nusu tu.

Jumapili, 7 Oktoba

Edilma ananiuliza kwa nini najisumbua. Anasema baba yetu alikuwa na macho hayahaya, na babu pia, na wote walioa. Nikamwambia hawakufanya kazi na karatasi ya kanuni kumi na nne. Akanimiminia aguapanela, maji ya moto ya sukari guru, na kuniambia kwamba mimi nikiachwa peke yangu na kioo ni mtu wa hatari.

Nimekaa barazani kutazama mvua. Nimechoka hata kwa kukaa. Halafu wazo likaja, nikashangaa limechelewa wapi. Hapo chini kazini kwetu kuna mwanamke anayechukua nyuso zilizomaliza kabisa, nyuso ambazo hakuna anayetarajia chochote kwazo tena, na baada ya saa moja ndugu zao wanasema, ‘Tazama, kama amelala.’

Kama amelala! Mimi sitaki zaidi ya hapo.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimeshuka kwa Nohemí Quiceno. Amewaandaa marehemu wa nyumba hii kwa miaka ishirini na sita na bado anacheka kwa urahisi kuliko mtu yeyote wa ghorofa za juu. Nilimweleza haja yangu. Alicheka hadi akaketi. Kisha akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akasema kwamba kazi ipo lakini amewahi kuona mbaya zaidi. Nikamuuliza mbaya zaidi ni nani. Akasema aliyeangukiwa na kabati.

Amekubali. Nifike kwake kesho saa moja asubuhi, kabla ya mazishi ya don Gildardo Villegas, dereva mstaafu wa mabasi, miaka themanini na minne. Doña Ligia atakuwepo na karatasi yake.

Jumanne, 9 Oktoba

Naandika haya nikiwa nimeweka miguu kwenye maji. Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Saa moja nilikuwa chini. Nohemí akaniambia nilale mezani. Nikasema nitakaa kwenye kiti. Akasema watu waliokaa hajawahi kuwafanya, mkono wake umezoea waliolala. Nikalala. Meza ni ya baridi, redio yake ilikuwa inaimba taratibu, na don Gildardo alikuwa meza ya pili, mkimya. Alinijaza nta kwenye mifuko ya macho. Alinipaka krimu, kisha poda. Nikapitiwa na usingizi. Sijalala vizuri hivyo tangu Pasaka.

Nilipoamka akanipa kioo. Mtu mwenye miaka arobaini na tano alikuwa ananitazama, ametulia, hana shida na mtu. Nikamuuliza rangi hiyo ameipata wapi. Akasema ameichanganya kwenye bakuli moja, ya don Gildardo na yangu, maana ngozi zetu zinaelekeana na rangi yenyewe ni ya kuagiza. Nywele pia alikuwa amezichana upande uleule. Sikulitilia maanani. Nilikuwa najitazama.

Saa nne wafiwa wakaingia ukumbini. Mimi nilisimama karibu na jeneza, mikono mbele, kama karatasi inavyotaka. Mjane, doña Berenice, ni mwanamke mdogo wa miaka themanini na fimbo. Alimtazama mume wake muda mrefu. Alipoinua macho aliniona mimi. Akarudi kumtazama mume. Akarudi kwangu. Nyuma yake mashangazi wawili, dada za marehemu, walianza kunong'onezana, na neno ‘mtoto wa nje’ likanifikia waziwazi kwa sababu shangazi mmoja ni kiziwi.

Doña Berenice akanisogelea.

“Una miaka mingapi?”

Nikasema hamsini na saba.

“Na mama yako mtu wa wapi?”

Nikasema wa Santa Rosa. Aliuza soseji pale kituo cha mabasi.

Hii ni kweli. Ningefanya nini? Aliuza soseji.

Akashika ukingo wa jeneza. Binti yake, Luz Dary, akaja haraka kuniambia niondoke pale. Mjane akanyoosha fimbo katikati yetu.

“Mwache,” akasema. “Huyu nimemsubiri muda mrefu.”

Ningeweza kusema papo hapo kwamba baba yangu ni Baltasar Cardona, mshona matandiko ya farasi, mtu aliyekuwa anatapika akipanda basi. Mdomo niliufungua. Lakini kanuni ya tisa inasema mfiwa hapingwi. Na mlangoni alisimama doña Ligia, ambaye hakusikia lolote. Yeye aliona tu mjane amenishika mkono, na alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika kitu. Mdomo nikaufunga.

Wakati wa kutoka, mjane hakuniachia. Jeneza likapungukiwa na bega moja, la kwangu, na Wilmar aliyekuwa amepangwa kuongoza msafara ikabidi arudi kubeba. Mbele pakawa hapana mtu. Doña Berenice anatembea haraka kwa umri wake, tukalipita gari, na ndipo nikagundua kwamba barabara ilikuwa tupu mbele yangu. Wenye maduka walikuwa wanavua kofia. Miaka kumi na tisa nimetembea nyuma, na leo nimetembea mbele, nimeshikwa mkono na mjane wa mtu, nikiwa na sura ya mume wake.

Jua lilikuwa kali. Nta haipendi jua.

Makaburini, padri alipomaliza, mjane aliwaambia wengine watangulie. Luz Dary hakutaka lakini akaenda. Doña Berenice akanikumbatia. Alipojitoa, mfuko wa jicho langu la kulia ulikuwa begani mwake, juu ya lesi nyeusi. Mzima.

Akauokota kwa vidole viwili. Akauliza ni kitu gani hicho.

Nikamwambia ukweli. Sikuwa na nguvu za kubuni kitu kingine. Nikasema ni nta, na hiyo rangi ni ya don Gildardo, ilibaki kidogo. Nikamweleza karatasi, Nohemí, na Baltasar Cardona. Nikaomba radhi. Nilingoja fimbo.

Hakunipiga. Alikaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani, akaweka mikono juu ya mapaja.

“Nilikuwa nimeshaandaa maneno,” akasema.

Kisha akanieleza. Mwaka wa pili wa ndoa ilikuja barua kutoka Santa Rosa, ya mwanamke aliyezaa na mume wake. Aliisoma yeye. Aliitia jikoni kwenye moto, na mume wake hakuijua mpaka anaingia kaburini. Mtoto yule yupo mahali, au hayupo. Tangu siku ile yeye alikuwa anatunga cha kumwambia atakapotokea mlangoni. Na hakutokea. Leo alidhani ametokea.

“Sasa nimwambie nani?”

Nilikuwa na nusu ya uso. Nusu nyingine ilikuwa inanishukia kwenye kola. Nikasema, “Niambie mimi. Nipo.”

Akaniambia. Sitayaandika hapa, maana hayakuwa yangu. Nilikaa kando yake na kuyasikiliza yote, na mahali pa kujibu nikajibu kama nilivyodhani yule mwingine angejibu, ikiwa ni mtu mwema.

Alipomaliza alichovya kitambaa kwenye maji ya maua ya kaburi lile la jirani na kunifuta uso, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto kabla ya misa. Akanitazama.

“Huyu si wa Gildardo,” akasema. “Gildardo hakuwa na macho kama haya. Lakini kwa nini unauficha uso huu? Umechoka, haya. Na mimi nimechoka. Wenzako wote hapa wananitazama kama wananiuzia friji.”

Nilimsindikiza hadi garini. Hakuniachia mkono.

Jumatano, 10 Oktoba

Luz Dary amempigia simu doña Ligia. Mashangazi nao wamempigia, kila mmoja na habari yake. Doña Ligia ameniambia nikae nyumbani hadi Ijumaa nimpe nafasi ya kufikiri, na kwamba katika kozi ya Bogotá hakuna aliyewatayarisha kwa jambo la namna hii.

Nilimsimulia Edilma. Alicheka nilipofika kwenye nta. Nilipofika kwenye barua iliyochomwa aliacha kucheka. Akanikaangia arepa, mkate wa mahindi wenye jibini, bila kuombwa na kukaa nami mpaka nimemaliza. Aliuliza niliyajibu vipi maneno ya yule mama. Nikasema nilijibu ndiyo, nimekusamehe. Akasema vizuri. Akaondoa sahani.

Nimekwisha. Nadhani ni kazi ya mwisho hii.

Ijumaa, 12 Oktoba

Tulisimama tena katikati ya majeneza. Wilmar ndiye kiongozi wa msafara. Kofia ya don Aníbal imemkaa kana kwamba ilikuwa inamngoja. Nilipiga makofi. Mgongo uliuma hata kwa kupiga makofi.

Kisha doña Ligia akatoa barua nyingine, ya mwandiko wa kutetemeka, na kuisoma mbele ya wote. Doña Berenice anasema amezika wazazi, ndugu wanne na mume, na kwamba katika mazishi yote hayo ni mara ya kwanza kukutana na mtumishi ambaye uso wake ulimfanya aone kuna mtu mwingine duniani ambaye naye hajalala. Anaomba atakapofika zamu yake, mtu huyo awe mlangoni kuwapokea wanawe.

Nohemí alikuwa anajifuta macho kwa aproni, na nadhani hakuwa anacheka.

Doña Ligia amefungua kazi mpya. Mimi nitakaa mlangoni kupokea wafiwa. Nitawashika mkono, nitawaketisha, nitawasikiliza. Kubeba jeneza hapana tena. Akanikabidhi barua ya kazi yenye sharti moja, amelipigia mstari: don Evelio asiuguse uso wake.

Wilmar alinikumbatia. Alisema kazi hiyo ni kubwa kuliko yake na kwamba yeye asingeiweza. Alikuwa na machozi, na hapakuwa na yungiyungi karibu.

Kwa hiyo nimeshindwa. Yeye mbele, mimi mlangoni, kama kile chombo cha kutilia miavuli.

Jumamosi, 13 Oktoba

Siku ya kwanza mlangoni. Nimekaa muda mwingi, mgongo hauniumi hata kidogo. Mzee mmoja aliyefiwa na kaka yake alinishika mkono nusu saa, akaniambia habari za mbwa wao wa utotoni, akaondoka amenyooka kidogo. Doña Ligia alipita akasema nafanya vizuri sana. Bila shaka ananihurumia.

Saa ya chakula nimeisoma barua ya kazi mara tatu, na miwani. Imesema uso. Haijasema nywele.

Nywele si uso. Nimemuuliza Edilma, akasema nimwache. Nikiwa na nywele nyeusi, zenye mng'aro, kufikia Desemba doña Ligia ataona mwenyewe kwamba mlango ni mdogo kwangu. Wilmar naye hatabaki kijana milele, na kofia zinahama.

Nimeshuka kwa Nohemí. Ana rangi nyeusi anayoitumia kwa wateja wake, haivuji, haififii. Nimemuuliza kama ana hakika na ubora wake. Amesema kwa miaka ishirini na sita hajarudi hata mmoja kulalamika.

Nimeandikiwa Jumatatu, saa moja asubuhi.